Kabla hujaishi jirani na puma: mambo ya kuandaa nyumbani, bandani na njiani

Ukihamia Aurora, Boise, Salt Lake City, Seattle au mji wowote wa magharibi mwa Marekani, haitapita muda mrefu kabla hujakutana na kibao kilichosimikwa mwanzo wa njia ya mlimani, chenye picha ya paka mkubwa asiye na madoa. Kimoja kitaandikwa Mountain Lion, kingine Cougar, kingine Puma. Ukifika Florida utakuta Panther. Ni mnyama yuleyule. Sisi Watanzania, Wakenya na Wakongo tulio huku tunampokea kwa namna mbili. Yupo anayesikia habari za simba wa milimani akaapa watoto wake hawatakanyaga msitu, na yupo anayecheka, eti sisi tumetoka kwenye simba wenyewe. Wa kwanza anawanyima watoto raha bure. Wa pili ndiye anayenitia wasiwasi.

Puma si simba mdogo. Kiukoo yuko karibu na duma kuliko simba. Hata kunguruma hawezi, hukoroma kama paka wa nyumbani, na jike anayetafuta dume hupiga ukelele unaoweza kukutoa kitandani. Dume huwa na kilo 50 hadi 70 hivi, jike ni mwepesi zaidi. Huishi peke yake, na dume mmoja huzunguka eneo la mamia ya kilomita za mraba. Ukitaka kuielewa tabia yake mfikirie chui: huvizia kimya, huruka kutoka nyuma au ubavuni, huuma shingo, kisha huburuta mzoga kando na kuufunika kwa majani na udongo ili arudi kula baadaye. Chakula chake kikuu ni kulungu, na puma mzima huua takriban kulungu mmoja kwa wiki. Shika hilo la kulungu, maana maandalizi mengi yanaanzia hapo.

Hatari yenyewe ni ndogo. Kwa zaidi ya miaka 100, watu waliouawa na puma Amerika Kaskazini nzima ni kama 30 tu. Mbwa wa kufugwa huua idadi kama hiyo au zaidi nchini Marekani kwa mwaka mmoja. Ila ndogo haina maana ya hakuna. Mwaka 2018 walikufa wawili, mwendesha baiskeli huko Washington mwezi Mei na mpanda milima huko Oregon mwezi Septemba. Machi 2024, katika kaunti ya El Dorado, California, ndugu wawili vijana walishambuliwa na mmoja akafa. Jimbo hilo lilikuwa halijapoteza mtu kwa puma tangu 2004. Mara nyingi mshambuliaji huwa ni puma kijana aliyetoka kwa mama yake juzijuzi, hana eneo, ana njaa, na hajui bado nini ni windo na nini si windo. Na watoto ndio wanaolengwa kuliko idadi yao inavyostahili, kwa kuwa ni wafupi, wana mbio na wana kelele nyembamba.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba

Nyumba za pembezoni mwa mji, zile zinazopakana na vilima, huwa na mandhari nzuri na kodi inayovumilika. Kabla ya kulipa, nenda pale jioni ukaangalie kama kulungu wanakula bustani za watu. Wakiwapo, puma naye hupita, hata kama mwenye nyumba anaapa hajawahi kumwona. Hilo halitoshi kukufanya uache nyumba. Ila ujue kwamba kuwatupia kulungu mahindi au matunda ili watoto wafurahi ni sawa na kumwita puma kwa jina, na katika majimbo kama Colorado ni kosa lenye faini.

Ukishaingia, kata vichaka vinavyogusa njia ya kuelekea mlangoni na pale watoto wanapochezea, kwa sababu mviziaji bila pa kujificha huwa hana kazi. Weka taa zinazowaka zenyewe mtu akipita. Chakula cha paka na mbwa kisilale nje; kinaleta rakuni, mnyama mdogo wa usiku, na rakuni naye ni kitoweo. Ziba nafasi iliyo chini ya sakafu au baraza. Wanaocheka hili wakumbuke P-22, yule puma maarufu wa Los Angeles aliyevuka barabara kuu mbili na kuishi Griffith Park tangu 2012 mpaka alipolazimika kudungwa sindano ya kifo Desemba 2022 kwa majeraha na maradhi. Aprili 2015 alijibanza chini ya nyumba ya watu mtaani Los Feliz, akalala humo siku nzima huku kamera za televisheni zikimsubiri nje. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamemkamata akiwa na ukurutu na sumu ya panya mwilini. Kwa hiyo dawa ya panya nayo ifikirie mara mbili: panya anayekufa polepole huliwa na mwingine, na yule huliwa na mwingine tena, mpaka sumu inafika juu.

Watoto wawe ndani giza likianza kuingia, na asubuhi wasitangulie peke yao kituo cha basi la shule kabla hakujapambazuka vizuri. Saa za puma ni alfajiri, magharibi na usiku.

Mbuzi, kuku na suala la banda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wetu wakipata nafasi ya ardhi, kinachofuata ni mbuzi. Huko Salt Lake City wakimbizi kutoka Burundi, Wabajuni na Wabantu wa Somalia wamekuwa na mradi wa pamoja wa kufuga mbuzi, na si wao tu: kila mji una familia yenye mbuzi watatu nyuma ya nyumba ya rafiki. Kwa puma, mbuzi ni kulungu aliyefungiwa.

Kosa la kwanza ni kuamini uzio. Puma huruka juu hadi mita 4 na ushee akiwa amesimama, hivyo senyenge ya kifuani haimpunguzii kitu. Kinachohitajika ni banda la usiku lenye kuta imara, mlango wenye komeo, na juu pawe pamefunikwa: bati, mbao, au wavu wa chuma uliochomelewa. Wavu mwembamba wa kuku unazuia kuku kutoka, hauzuii puma kuingia. Mifugo iingie kabla jua halijazama na itoke jua likiwa limeshapanda. Anayelegeza ratiba hiyo mara moja kwa wiki ni sawa na asiyekuwa nayo.

Lipo jambo linalowashtua wafugaji wengi. Puma akiingia zizini anaweza kuua mbuzi kumi usiku mmoja na kula mmoja tu. Si ukatili. Porini akimkamata mmoja, wengine hukimbia na kazi inaishia hapo. Ndani ya zizi hawana pa kukimbilia, wanaendelea kurukaruka mbele yake, na silika yake inaendelea kujibu. Banda linalovuja ni baya kuliko kutokuwa na banda kabisa.

Mbwa wakubwa wa kulinda mifugo husaidia, ingawa wanakula sana na si kila mtaa unaruhusu kubweka usiku kucha. Taa za kumwekamweka nazo zina ushahidi wake. Kule Chile, wafugaji wa llama na alpaka, mifugo ya jamii ya ngamia, katika nyanda za juu walifanyiwa majaribio, na mifugo iliyowekewa taa hizo ilisalimika na puma. Msomaji wa Nairobi atatabasamu, maana kijana wa Kimaasai Richard Turere alishatengeneza taa za aina hiyo kuzuia simba wa mbuga ya Nairobi wasiingie kwenye zizi la ng'ombe wa baba yake, na akaenda kuzieleza mbele ya dunia mwaka 2013. Ila taa isiwe badala ya paa la banda. Mnyama huzoea.

Sheria za jimbo lako, si za jirani

Kabla hujashika bunduki, au hujamlipa mtu aje na bunduki, jua uko jimbo gani. California ilipiga kura mwaka 1990 na kumfanya puma mnyama wa kulindwa, asiyewindwa kwa starehe. Aliyeuliwa mifugo huomba kibali, na tangu 2017, katika milima ya Santa Monica na Santa Ana, hatakiwi kupewa kibali cha kuua kabla hajajaribu kwanza njia za kumfukuza. Colorado wanaruhusu uwindaji kwa leseni na idadi maalumu, na Novemba 2024 wapiga kura walilikataa pendekezo la kuupiga marufuku. Utah tangu 2023 mwenye leseni ya kawaida anaweza kumwinda mwaka mzima. Oregon mwaka 1994 na Washington mwaka 1996 walikataza kuwinda puma kwa mbwa. Texas wana masharti machache kuliko wote.

Mimi naona mjadala huu umejaa hasira kuliko hesabu. Kuna utafiti wa jimbo la Washington ulioonyesha kwamba pale puma walipowindwa sana, malalamiko na vifo vya mifugo mwaka uliofuata viliongezeka. Eneo likiachwa wazi huingia vijana, na vijana ndio wasumbufu. Wapo wanaoupinga. Lakini mwenye mbuzi wawili hana sababu ya kusubiri wanasayansi wamalize ubishi: banda lake litafanya kazi kwa vyovyote. Kwa mgeni asiye na uraia ningesisitiza zaidi: kuua mnyamapori kinyume cha sheria kunaweza kuwa kosa la jinai, na wewe huhitaji faili la namna hiyo. Hifadhi kwenye simu namba ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Kwa dharura ni 911, na Kiingereza kikikushinda sema neno moja, "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu.

Kabla ya kutoka kwenda mlimani

Usiende peke yako, na usiende na hedifoni masikioni. Mwambie mtu njia unayopita na saa ya kurudi, kwa kuwa mabondeni mtandao hupotea. Watoto watembee katikati ya watu wazima, wasitangulie wala wasibaki nyuma. Mbwa afungwe kamba. Akiachiwa atamfuata puma, kisha atakimbilia kwako akiwa naye nyuma. Ile dawa ya kupuliza yenye pilipili ya kufukuzia dubu inamfaa puma pia, mradi iko kiunoni. Ikiwa chini ya begi, chini ya chapati na chupa ya chai, umebeba uzito tu.

Na ongeeni. Katika milima ya Santa Cruz, California, watafiti walitega spika karibu na mizoga ya mawindo ya puma. Puma wakisikia sauti za watu wakizungumza walikimbia, wakisikia vyura hawakujali. Kwa hiyo zile soga zetu za kupaza sauti ambazo Wamarekani hugeukia njiani zina manufaa.

Ukikuta mzoga uliofunikwa kwa majani, rudi ulikotoka, mwenyewe hayuko mbali. Ukikuta watoto wa puma, wale wenye madoadoa, usiwaguse wala kuwapiga picha. Mizoga ya puma pia isichezewe: mwaka 2007 mwanabiolojia wa hifadhi ya Grand Canyon alikufa kwa tauni baada ya kumpasua puma aliyekufa.

Jambo la kufanyia mazoezi sebuleni

Hili lisomwe na familia nzima, kisha lifanyiwe mazoezi kwa vitendo, kwa sababu mwili utataka kufanya kinyume. Ukimwona puma, usikimbie. Anayekimbia anageuka windo, kama panya mbele ya paka. Simama, mtazame, inua mikono, tanua koti, ongea kwa sauti nzito. Mtoto mdogo mnyanyue bila kuinama sana wala kumpa mnyama mgongo; ndiyo maana mtoto afundishwe mapema kuja kujishikiza kwako anaposikia neno fulani mlilokubaliana. Rudi nyuma polepole huku umemwachia puma njia ya kuondoka.

Oktoba 2020 kijana mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi karibu na Provo, Utah, alifuatwa na jike mwenye watoto kwa karibu dakika sita, huku akirekodi. Alirudi kinyumenyume akifoka, jike likamrukia kwa vitisho mara kadhaa, na mwishowe alipookota jiwe na kulirusha, likageuka na kukimbia. Jike wa namna hiyo huwa anakusindikiza utoke, hakuwindi, lakini aliye pale hana njia ya kujua tofauti, na alichofanya yule kijana kinafaa kwa hali zote mbili.

Puma akikugusa, pigana. Jiwe, fimbo, ngumi, funguo machoni, chochote, na shingo uilinde. Kujifanya maiti ni ushauri wa dubu wa kahawia anayejihami, usiuchanganye. Februari 2019 mkimbiaji mmoja karibu na Fort Collins, Colorado, aliyerukiwa na puma mdogo alipambana naye bila silaha mpaka akamuua, akatembea mwenyewe kutafuta msaada.

Aliyejeruhiwa, hata mkwaruzo, aende hospitali siku hiyohiyo. Atahitaji kusafishwa, dawa za kuzuia maambukizi, na pengine chanjo ya kichaa cha mbwa. Nguo alizovaa zisifuliwe mpaka maafisa wazichukue: mate yaliyobaki juu yake ndiyo yanayowawezesha kupima vinasaba na kumtambua mnyama aliyehusika, badala ya kumuua yeyote watakayemkuta bondeni.