Jinsi ya Kujiandaa kwa Kazi ya Ukaguzi wa Vipuri Vilivyokerezwa

Anayetaka kuwa mkaguzi katika karakana ya kukereza vyuma aanze kwa kujifunza kusoma mchoro, kwa kuwa hawezi kukubali wala kukataa kipuri asichojua kilitakiwa kuwaje. Shafti (mhimili wa mviringo unaozunguka) ya kuvalishwa beringi yenye tundu la milimita 50, kwa mfano, huweza kuandikiwa 50k6, yaani kipenyo chake kiwe kati ya milimita 50.002 na 50.018. Venia, kifaa cha kupimia chenye taya mbili, inayosoma hadi milimita 0.02 haiwezi kuamua jambo hilo. Chukua maikromita, kifaa cha skrubu kinachopima kwa usahihi zaidi, pangusa nyuso zake, ihakiki kwa kipande chake cha kulinganishia, kisha ifunge kwa ratcheti (kishikio cha mwishoni kinachoteleza nguvu ikitosha) badala ya kuibana kwa nguvu za vidole. Pima sehemu kadhaa za shafti, kwani inaweza kuwa sawa mwanzoni na nyembamba mwishoni.

Subira, kwa maoni yangu, ndiyo sifa inayotangulia nyingine zote. Shafti hiyo ikitoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi 60 za Selsiasi, huku karakana ikiwa na nyuzi 30, kipenyo chake huwa kimetanuka kwa takriban milimita 0.017. Ukisoma 50.015 ukaipitisha, ikishapoa itabaki na 49.998 hivi, na beringi itaanza kuteleza juu yake na kuila. Iache ipoe hadi ilingane na joto la kifaa chako, hata kama fundi amesimama pembeni akisubiri jibu.

Hapo ndipo uadilifu unapopimwa. Mwenye kiwanda ana haraka, fundi ametoka jasho, na kilichozidi ni milimita 0.01 tu isiyoonekana kwa macho. Mkaguzi anapaswa kuandika kile alichokisoma, si kile kilichotarajiwa. Akikataa kazi, amwonyeshe fundi kipimo kwa heshima na faragha, wakipime tena pamoja, maana huenda chanzo ni kisu cha mashine kilicholika ambacho fundi mwenyewe bado hajakigundua.

Hesabu za desimali na za pembe ni za lazima, na macho yapimwe mapema, kwani nyufa nyembamba na ncha kali zilizobaki ukingoni hazionekani kwa kukisia. Jizoeze pia kuomba kipande cha kwanza cha kila oda kabla fundi hajaendelea na vingine.