Kusambaza masasisho ya Windows kwenye kompyuta za ofisi kutoka seva moja

Tuchukue ofisi yenye kompyuta 60, kila moja ikijipakulia masasisho yenyewe kutoka intaneti. Sasisho la mwezi lenye megabaiti 600 likipakuliwa mara 60 linafika gigabaiti 36, na kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni kazi ya saa 8 mfululizo, yaani siku nzima ambayo mhasibu atahangaika kufungua tovuti ya benki. Seva yenye WSUS, huduma inayokuja ndani ya Windows Server, hulipakua sasisho hilo mara moja tu, kwa dakika 8, kisha kompyuta zote hulichukua humo humo ofisini. Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kuwa haitaiongezea WSUS uwezo mpya, lakini imo hata katika Windows Server 2025 na inafanya kazi. Kwa ofisi ambayo intaneti yake ni ndogo, mimi bado naipendekeza.

Wakati wa kuisimika, weka hifadhi ya masasisho kwenye diski iliyo tofauti na ile yenye mfumo wa seva, kwa sababu hifadhi hiyo hukua kila mwezi, na diski ya mfumo ikijaa seva nzima husimama. Chagua matoleo ya Windows mliyo nayo tu na lugha mnazotumia tu, na masasisho ya viendeshi yaache nje. Anayeweka tiki kila mahali siku ya kwanza hujikuta na mamia ya gigabaiti ya mafaili ambayo hakuna kompyuta ofisini itakayoyahitaji. WSUS hutumia poti 8530, au 8531 mawasiliano yakiwa yamesimbwa, na poti hizo zisifunguliwe kuelekea intaneti kwa sababu yoyote ile. Oktoba 2025 Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura, nje ya ratiba yake ya kawaida, kuziba tundu lililomwezesha mtu wa nje kuitawala seva ya WSUS bila hata nywila. Kwa hiyo seva yenyewe ndiyo isasishwe kwanza.

Baada ya hapo, kompyuta zielekezwe kwenye seva hiyo kupitia sera za kikundi (Group Policy) za Active Directory, mfumo wa Windows Server wa kusimamia watumiaji na kompyuta zote za ofisi kutoka mahali pamoja. Anwani ya seva huandikwa mara mbili, sehemu ya kupokea masasisho na sehemu ya kupeleka taarifa, na lazima iambatane na namba ya poti, kwa mfano http://seva01:8530. Wengi huisahau poti kisha wakashinda mchana kutwa wakitafuta kosa kwenye nyaya. Katika kompyuta moja endesha amri ya gpupdate /force, inayoivuta sera mpya, halafu gpresult /r, inayoonyesha sera zilizopokelewa, uhakikishe imefika, kabla hujasubiri zote zijitokeze.

Hapa nieleze jambo lililonipotezea siku mbili. Katika ofisi moja niliyowahi kuihudumia, kompyuta nyingi zilikuwa zimenakiliwa kutoka diski moja, na kwenye orodha ya WSUS ilionekana kompyuta moja tu, ambayo jina lake lilibadilika kila nilipofungua ukurasa upya: mara ya masijala, mara ya mapokezi. Zote zilikuwa na kitambulisho kimoja, na seva iliziona kuwa ni mashine moja. Dawa yake ni kusimamisha wuauserv, huduma ya Windows inayoshughulikia masasisho, kwenda kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) katika HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate, kufuta SusClientId na SusClientIdValidation, kisha kuiwasha huduma hiyo tena ili kompyuta ijitengenezee kitambulisho chake. Ukiona idadi kwenye orodha ni ndogo kuliko idadi ya mashine unazoziona mezani, anzia hapo.

Sasa gawa kompyuta katika makundi. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku, hivyo seva ipange ipakue usiku huohuo wa manane. Asubuhi liidhinishe sasisho kwa kundi la majaribio peke yake, lenye kompyuta moja kutoka kila idara, na isikose ile iliyounganishwa na printa ya risiti. Silisemi hili kwa kubahatisha: Julai 2021 Microsoft yenyewe ilikiri kuwa masasisho yake yalikuwa yamekwamisha baadhi ya printa za risiti na lebo zilizounganishwa kwa USB. Kundi la majaribio likifanya kazi siku tatu au nne bila lalamiko, idhinisha kwa ofisi nzima. Usingoje zaidi ya hapo bila sababu. Kiraka cha tundu lililotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia, kilitoka tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei. Hospitali za Uingereza zilizoathirika zilikuwa na takriban miezi miwili ya kujikinga.

Muda wa kuwasha upya upangwe baada ya kazi, na wafanyakazi waambiwe mapema waziache kompyuta zikiwaka siku hiyo. Juma la kufunga hesabu za mwezi au kulipa mishahara liepuke kabisa. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta zisizo na UPS zisasishwe mchana wewe mwenyewe ukiwepo, maana umeme ukikatika katikati ya usimikaji Windows inaweza kushindwa kuwaka. Kwa kompyuta mpakato zilizofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima, thibitisha kwanza kuwa funguo za kurejesha zimehifadhiwa mahali unapoweza kuzifikia.

Siku saba baadaye fungua ripoti, na usitosheke na asilimia iliyo juu ya ukurasa. Panga orodha kwa tarehe ya mwisho ya kuwasiliana na seva, ushuke hadi kwenye mashine zilizonyamaza kwa zaidi ya siku 30, kwa kuwa seva haina habari zake za karibuni. Ziorodheshe kwa jina na chumba, kisha nenda ukaziwashe mwenyewe, moja baada ya nyingine, pamoja na ile mpakato iliyofungiwa kabatini tangu mwenye nayo aende likizo.