Namna ya kujaza upepo katika tairi kuukuu la lori

Mafundi wengi wa pancha huogopa upepo mwingi na kuudharau mdogo, ilhali ubavu wa tairi la gari dogo lenye psi 30 tu (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 3. La lori, lenye psi 100 au zaidi, ni habari nyingine kabisa. Tairi zima huhimili nguvu hiyo. Linalohitaji hatua zifuatazo ni lile lililozeeka, au lililotembea likiwa limepungua upepo.

1. Soma umri wake. Tafuta ubavuni herufi DOT na utazame tarakimu 4 za mwisho: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Zikiwa 3 tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nalo halifai. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama kashata zake, yaani mpira unaokanyaga barabara, bado ni nene, na hapo ndipo spea na matairi ya mtumba huwahadaa watu.

2. Ondoa upepo wote gurudumu likiwa bado kwenye ekseli, kwa kufungua sindano ya ndani ya valvu. Kanuni za usalama kazini za Marekani hulazimisha hivyo kwa tairi la gari kubwa lililo kwenye rimu ya vipande zaidi ya kimoja, likiwa limetembea likiwa na asilimia 80 au pungufu ya upepo unaotakiwa. Sababu ni kwamba ubavu uliolegea hukunjwa kila mzunguko, hupata joto, na waya za chuma zilizomo hukatika moja baada ya nyingine bila nje kuonyesha lolote.

3. Livue kwenye rimu, ulikague ndani kwa taa. Vumbi la mpira, mpira uliobadilika rangi kwa joto, mikunjo au waya zilizotokeza zatosha kulikataa. Likate ubavu papo hapo, maana tairi bovu likiachwa nyuma ya gereji litapata mnunuzi.

4. Likipita ukaguzi, lirudishe kwenye rimu kwa kilainishi cha matairi, kamwe si kwa petroli na kiberiti, kisha uliweke ndani ya kizimba cha chuma. Tumia mpira mrefu wa kompresa wenye kichwa kinachojibana chenyewe kwenye valvu, huku gegi na bomba la kufungia vikiwa mkononi mwako, mbali. Usisimame wala kuinama mbele ya ubavu, hata kwa kusikiliza tu.

5. Simama kwenye psi 20 na utazame, kutoka mahali salama, kama ubavu umevimba au umejipinda. Pakiwa shwari, endelea hadi kiwango kilichoandikwa. Ukisikia mlio wa waya kukatika-katika, funga upepo na utoe uliomo kwa bomba la mkononi. Usilisogelee tairi mpaka gegi isome sifuri.