Barua ya msaada wa chuo: ichambue kwanza, ndo usaini

Jamani wabongo na wakenya mlioko Marekani, hivi vyuo vya watu binafsi vinavyotafuta faida, vinavyopiga simu asubuhi mchana jioni vikikwambia "ada yako karibu yote ishalipwa", usisaini kitu kwenye simu. Waambie wakutumie barua ya msaada, ile inayoorodhesha hela zote za kukulipia ada, chukua kalamu ukae chini.

FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, ijaze mwenyewe pale studentaid.gov, ni bure kabisa, mwenye green card anaruhusiwa ila wa viza ya F-1, ya mwanafunzi, hii haikuhusu. Paswedi usimpe mtu wa chuo hata akijifanya anakusaidia.

Barua ikija, kila kiasi kiulize swali moja tu, hii narudisha au sirudishi? Shemeji yangu kaja na yake mwaka wa kwanza, ada dola 18,000, msaada dola 16,895, anachekelea eti nadaiwa 1,105 tu. Tukaiweka mezani, kumbe Pell, ruzuku ya serikali, ndo 7,395, hiyo hairudishwi, zilizobaki 9,500 zote mkopo wa serikali!! Na kwenye huo mkopo ni 3,500 tu ambazo serikali inakubebea riba ukiwa bado unasoma, zile 6,000 riba inaanza kuhesabu tangu hela inatumwa chuoni. So gharama yake ya kweli ni 18,000 toa 7,395, yaani 10,605, tena mwaka mmoja. Akanyamaza mpaka chai ikapoa.

Tukaenda kuuliza komyuniti koleji, chuo cha umma cha bei nafuu, ya mtaani kwao. Kwa mkazi wa jimbo ada huko mara nyingi Pell inaimaliza. Waulize pia kama krediti (hesabu ya masomo uliyomaliza) za hicho chuo cha simu wanazipokea, wakikwambia hapana basi ushajua. Na kwenye College Scorecard, tovuti ya serikali ya kulinganisha vyuo, cheki wangapi wanamaliza na wanalipwa ngapi wakishatoka.

Kitu ambacho yule wa simu hakwambii, ukiacha masomo kabla ya 60% ya muhula, sehemu ya hela inarudishwa serikalini halafu chuo kinakugeukia wewe na bili. Kwa hiyo taka kwa maandishi, mwisho wa kujitoa bila kudaiwa ni tarehe ngapi.

Mkopo wa benki weka mwisho kabisa. Chuo kikifungwa ukiwa ndani, kama hicho chuo cha faida cha ITT Tech Septemba 2016, mkopo wa serikali unaweza kuomba ufutwe, wa benki msamaha huo hauugusi.