Pima unavyokimbia kabla goti halijaanza kuuma

Kilimanjaro Marathon ikikaribia, hapa Moshi wakimbiaji hunijia na maumivu yaleyale: goti kwa mbele, muundi kwa ndani, au ile kano nene ya nyuma ya kisigino. Wengi huwa wameshanunua raba mpya. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kabla ya kuzungumzia raba nataka nimwone mtu akikimbia.

Ukija kupimwa, beba raba unazokimbilia kila siku, hata kama zimechakaa. Soli kulika kwa nje kwenye kisigino ni kawaida. Ninachokitafuta ni tofauti kati ya kulia na kushoto. Vaa bukta fupi. Uwe na majibu ya maswali haya pia: panauma wapi, tangu lini, na umeongeza kilomita ngapi karibuni? Mtaalamu anayekurukia na kamera bila kukuuliza hayo, usimlipe.

Kimbia kwanza dakika nane hivi, hasa kama hujazoea mashine ya kukimbilia, kwa sababu mtu mgeni kwenye mashine hukimbia tofauti na anavyokimbia barabarani. Ndipo tunarekodi, kwa upande na kwa nyuma, simu ikiwa usawa wa kiuno. Simu nyingi za sasa zinarekodi picha 120 au 240 kwa sekunde, na zinatosha kabisa. Rekodi tena ukiwa umeanza kuchoka. Miguu ambayo haijachoka huficha mengi.

Video ya upande isimamishe pale mguu unapogusa chini tu. Muundi ukiwa karibu wima, vizuri. Kisigino kikitua mbele kabisa ya goti, na goti limenyooka, unajifunga breki kila hatua, na goti ndilo linalobeba. Ukiteremka mlima kutoka kijiji cha Mweka, juu ya Moshi, hali hiyo huzidi.

Video ya nyuma ndiyo ninayoitazama kwa muda mrefu zaidi. Nabandika vipande viwili vya plasta nyeupe juu ya mifupa ya nyonga, kimoja kila upande. Mguu wa kushoto ukiwa chini, natazama plasta ya kulia: ikishuka sana, misuli ya nyonga ya kushoto imeshindwa kushika kiuno. Mara nyingi goti la kushoto nalo huingia ndani, na hapo naanza kuelewa maumivu yanatoka wapi.

Sasa hesabu hatua. Hesabu mguu wa kulia unavyogusa chini kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Utaambiwa lazima zifike 180 kwa dakika. Namba hiyo ilienea kutokana na kocha Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa magwiji wakiwa mashindanoni. Wewe anza na namba yako. Kama ni 160, jaribu 168 kwa kasi ileile, ukifuata mlio wa metronomu ya simu, yaani programu inayolia kwa mapigo sawa. Utafiti wa Heiderscheit na wenzake, uliotoka Marekani mwaka 2011, ulionyesha kuwa kuongeza hatua kwa asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Fanya dakika moja moja ndani ya mbio zako nyepesi, kisha urefushe taratibu.

Usihamie kutua kwa vidole eti kwa sababu mabingwa hutua hivyo. Mzigo hauondoki, unahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Wala usinyooshe kila kinachoonekana kibaya: Mwingereza Paula Radcliffe alitikisa kichwa njia nzima alipokimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25 mwaka 2003, ikawa rekodi ya dunia. Badilisha jambo moja, lile linalogusa maumivu yako, kisha rekodi tena baada ya wiki sita.

Kabla hujaondoka, dai upimwe nguvu pia. Simama kwa mguu mmoja, panda na ushuke kwa vidole, linganisha pande mbili. Mguu mmoja ukifika 25 na mwingine ukaishia 14, mazoezi ya kigimbi yaanze leo.

Ila kama panauma sehemu moja tu ya mfupa, pakiguswa unaruka, na usiku panakuamsha, tusirekodi chochote. Acha kukimbia, nenda hospitali uangaliwe kama mfupa una ufa.