Betri na kidhibiti mwendo cha boti kubwa ya rimoti: mambo ya kuzingatia kabla hujatoa hela

Wengi wanaoniuliza kuhusu boti za rimoti huanza na betri: ninunue ya volti ngapi? Huwa nawarudisha nyuma. Pima kwanza boti ina uzito gani na rafadha yake, yaani propela, inakula umeme kiasi gani. Ukishapata hayo, betri na kidhibiti mwendo, kifaa kinachoongeza na kupunguza umeme wa mota, havitakusumbua kuchagua. Ukianzia dukani utarudi na kitu cha bei mbaya kinachofaa boti ya mtu mwingine.

Nitatumia boti yangu kama mfano. Ni Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Meli halisi ina mita 71 na ushei. Nimeipunguza mara 50, kwa hiyo yangu ina sentimita 143 kutoka omo hadi tezi. Kwenye bajaji haienei mpaka omo litokeze nje, na dereva analalamika.

Uzito niliupima kabla sijanunua chochote cha umeme zaidi ya mota. Niliweka bodi lielee kwenye hodhi la mafundi ujenzi, nikapanga ndani yake chupa za maji za lita moja moja hadi maji yakagusa mstari niliouchora kwa penseli. Zilikwenda tano, ya sita nikaimwaga nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi nilikuwa na kilo tano na nusu za kujaza ili meli ikae inavyotakiwa. Manahodha wa majahazi huita uzito huo farumi, na hujaza mawe au mchanga. Mimi nilijaza betri.

Hapo ndipo betri kavu za risasi, zile za volti 12 na ampea-saa 7 zinazokaa kwenye ving'ora na kwenye mashine za kulinda kompyuta umeme ukikatika, zinapata heshima yake. Moja ina kilo mbili na kitu. Mbili, zikilazwa chini kabisa juu ya mkuku, zinakaribia kilo tano. Zinapatikana karibu kila mji, bei yake haiumizi, na chaja yake kila fundi redio anayo. Ningenunua za lithiamu nyepesi ningelazimika kutafuta risasi za nyavu nizijaze humo humo, yaani nilipie wepesi kisha nilipie uzito.

Lakini usijidanganye. Hiyo ampea-saa 7 iliyoandikwa ubavuni imepimwa kwa kutoa umeme polepole kwa saa 20, kama theluthi moja ya ampea. Ukizikamua kwa ampea sita, utapata pungufu. Juu ya hapo, betri ya risasi ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo mimi huhesabu nusu tu ya kilichoandikwa. Nusu ya ampea-saa 7 gawa kwa ampea 6 ni dakika 35 za mwendo kamili kwa kila betri. Ikishapumzika na mita ikasoma volti 12.1, nairudisha kwenye chaja. Na usiichaji ndani ya bodi lililofunikwa: inatoa haidrojeni, nayo haihitaji zaidi ya cheche moja.

Hizo ampea sita zimetokana na hodhi lile lile. Nilifunga boti kwa kamba, nikaweka mita ya wati kati ya betri na mota, nikafungua mwendo wote. Mota ziko mbili, na kila moja ilikula ampea 3. Ni kidogo kwa sababu meli hii haina haraka. Tuseme Liemba ya kweli inakwenda mafundo 10. Ukifuata kanuni ya Mwingereza William Froude, mwendo wa mfano unaugawa kwa kipeuo cha pili cha 50, yaani 7 na nukta. Unapata kama sentimita 73 kwa sekunde, nusu ya mwendo wa mtu anayetembea. Ukizidisha hapo, mawimbi ya omoni yanakuwa ya boti ya doria, na meli inaonekana kituko.

Anayetaka mbio ana hesabu nyingine kabisa. Boti ya mita 1.2 ya kuruka juu ya maji, yenye seli 6 za lithiamu polima, ina volti 22.2, na ikivuta ampea 100 hizo ni wati 2,220. Betri ya ampea-saa 5, ukitumia asilimia 80 yake, itadumu chini ya dakika mbili na nusu. Hapo uzito ni adui, na herufi C kwenye betri, kipimo cha umeme inaoweza kutoa kwa mkupuo, ndiyo inayosomwa kwanza: 30C mara ampea-saa 5 ni ampea 150, kwa maneno ya muuzaji. Mimi hukata nusu ya maneno ya muuzaji. Seli ikijaa ina volti 4.2, usiishushe chini ya 3.0, na ukiiweka kabatini kwa wiki kadhaa iache kwenye 3.8. Ikivimba, basi, usiitoboe wala usiichaji tena. Katikati ya hizi mbili kuna lithiamu ya fosfati ya chuma, yenye volti 3.2 kwa seli. Ni tulivu zaidi kwa moto, inachajiwa mara nyingi sana, na kwa boti ya kuvuta au ya kubebea chambo ningeichukua bila kufikiri.

Rafadha usiibadilishe kwa macho. Nguvu inayokula inapanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake: ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10 tu, mizunguko ikabaki ile ile, mzigo unapanda kwa kama asilimia 60. Kila ukibadilisha, rudi hodhini na mita.

Kidhibiti mwendo, kile ambacho wauzaji wanakiandika ESC, kinachaguliwa kwa ile dakika mbaya kuliko zote, siyo kwa mwendo wa kawaida. Mimi nilifikiri ampea 3 kwa mota, nikanunua vya ampea 20, nikajiona mkarimu. Jumapili ya kwanza pale Kibirizi, Kigoma, kipande cha wavu wa nailoni kikajizungusha kwenye rafadha ya kushoto. Meli ikaanza kuzunguka. Nikadhani ni usukani, nikaongeza mwendo. Moshi ukatoka, na haukutoka kwenye bomba. Watoto walishangilia wakidhani nimeuweka makusudi. Nikaazima mtumbwi nikaifuata.

Hesabu ilikuwa pale pale, sikuipiga. Mota ya brashi ikikwama inabaki waya tu. Yangu ina ukinzani wa omu nusu. Volti 12 gawa kwa nusu ni ampea 24. Sasa kila mota ina kidhibiti cha ampea 40 na fyuzi ya gari ya 7.5 kati yake na betri. Fyuzi haikatiki kwa mwendo wa kawaida, ila ikikutana na wavu inakufa yenyewe na kidhibiti kinabaki. Namba kubwa ya pili kwenye boksi, ile ya sekunde chache, usiisome kabisa.

Kabla ya kulipa, uliza kama kinarudi nyuma. Vya ndege havirudi, na vinategemea upepo wa rafadha kupoa. Ndani ya bodi lililofungwa havipati upepo huo. Vya magari vingi vinafunga breki kwanza ndipo virudi ukigusa mara ya pili, jambo linalochosha ukiwa unakaribia gati. Cha boti chenye mrija wa kupitisha maji ni kizuri kwa ampea nyingi, lakini ukikitumia baharini suuza mrija kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Uliza pia kama kinaelewa betri yako. Kinachojihesabia seli kitaiona betri ya risasi kama lithiamu ya seli tatu na kuiacha ishuke hadi volti 9 au hivi, wakati yenyewe, ikiwa kazini, ilitakiwa ikomee kwenye 10.5. Afadhali kile unachokipangia mwenyewe.

Ukiwa na vidhibiti viwili, kila kimoja kinatoa volti 5 kwenda kwenye risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya boti. Kata au chomoa waya mwekundu wa kimoja, visije vikashindana. Waya wa kutoka betri uwe mfupi. Ukitaka kurefusha, refusha wa upande wa mota, kwa sababu waya mrefu wa betri unaziua kapasita za kidhibiti polepole.

Na kama betri za lithiamu utaletewa na ndugu anayetoka Dubai, mwambie mapema azibebe mkononi, siyo kwenye begi la mizigo. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hakuna shida. Kati ya 100 na 160 anahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ile ya seli 6 na ampea-saa 5 ni wati-saa 111. Wangu hakuuliza, akaiacha uwanjani.