Kukua kwa imani siku za katikati ya wiki, vile tunaweza hapa Nairobi

Yesu aliposema mtu ajitwike msalaba wake amfuate, Mathayo na Marko waliandika hivyo tu, lakini fungua Luka 9:23 utapata maneno mawili zaidi, "kila siku". Mimi nilikuwa nimeokoka miaka sita kabla niyaone hayo maneno, na siku niliyaona yalinichoma, juu imani yangu yote ilikuwa ya Jumapili asubuhi na kesha moja kwa mwezi. Kwa hivyo hii naandikia mtu anampenda Bwana kabisa lakini Jumanne jioni amechoka, stima imepotea, na Biblia iko juu ya kabati tangu ibada iishe.

Anza na Neno, na uanze kidogo. Wengi wetu Januari tunaanza Mwanzo na moto mwingi, sura tatu kwa siku. Sasa hesabu, Mwanzo ina sura 50, Kutoka ina 40, maanake tarehe 31 Januari unaingia Mambo ya Walawi, na hapo shule imeshakukamua na rent iko mlangoni, ndio watu wengi huachia hapo wakijiambia hawana kipawa cha kusoma. Si kipawa. Walawi ni kitabu kizuri sana na utakifikia, ila usikianze peke yako. Chukua Marko, sura 16, moja kwa siku, wiki mbili na siku mbili umemaliza. Halafu urudie. Mara ya kwanza unafuata hadithi, mara ya pili ndio unaanza kuona vitu, kama venye Marko anapenda hilo neno "mara", mara wakaziacha nyavu zao, mara akawaita, hakuna mtu wa kuambiwa subiri kesho.

Soma kwa sauti kama unaweza, hata ya chini. Mimi napendelea Biblia ya karatasi juu simu ukiifungua kutafuta Marko unajipata WhatsApp, lakini kama ni simu uko nayo basi soma kabla ufungue kitu kingine chochote, na kuna programu za bure zenye zinakusomea, unazidaunilodi nyumbani ukisikiliza kwa matatu bila kumaliza bando. Ukimaliza sura, andika sentensi moja kwa daftari, moja tu: leo nitafanya nini juu ya hii. Usiandike "nitakuwa na upendo". Andika "nitampigia mama saa saba".

Maombi ndio watu huniuliza sana, hasa wale tunaishi nyumba ya chumba kimoja na watoto na redio ya jirani. Marko 1:35 inasema Yesu aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, na hata yeye hapo hakuachwa muda mrefu, Simoni na wenzake walimfuata kumwambia watu wote wanamtafuta. Kwa ploti yetu mahali pasipokuwa na watu ni juu kwenye paa, pale tunaanikia nguo. Saa kumi na moja na nusu hakuna mtu huko, kuna baridi, unaona taa za barabara ya Outering na mat za kwanza zikianza kuita watu, na kwa dakika kumi unaweza kusema na Mungu mambo ya kweli. Dakika kumi zinatosha kuanza. Usiige yule anaomba masaa matatu, utachoka wiki ya kwanza.

Halafu nimegawa njia ya kazi. Nikitoka nyumbani mpaka Donholm naombea watu wa nyumba yangu kwa majina, Donholm mpaka Makadara naombea bosi na wenzangu kazini, kutoka hapo mpaka City Stadium naombea mtu mmoja ambaye tumekosana. Hapo kwa mwisho jamu huwa ndefu na nashukuru, juu huyo ndiye huwa nahitaji muda mrefu kumtaja bila uchungu. Wewe gawa njia yako na steji zako, ama kama unatembea kwa miguu tumia makona na maduka. Steji ikifika inakukumbusha yenyewe, hata siku moyo ni mzito.

Sasa hapa ndio pagumu na ndio nataka tukae kidogo, kutii. Unaweza kusoma na kuomba miaka kumi na usikue, kama kile umesoma hakijawahi kukutoa kwa nyumba. Mimi tulikosana na jirani juu ya maji. Kwetu maji hukuja siku mbili kwa wiki, na siku hiyo niliweka mitungi yangu mbele ya yake nikijua amenitangulia, akanisema mbele ya watu, nikamjibu vibaya, tukakaa wiki tatu tukipitana kwa ngazi bila salamu. Jumamosi usiku nikasoma Mathayo 5:23 na 24, kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukumbuke ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende kwanza upatane naye. Na sadaka yangu ilikuwa mezani kwa bahasha tayari. Asubuhi nikashuka kwa mlango wake, alikuwa anapika mandazi, mikono imejaa unga. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba msamaha juu ya ile siku ya maji. Nilikupita kwa laini na nilijua." Alinyamaza, akageuza mandazi moja, akageuza ingine, ndio akasema, "Ingia basi, usisimame kwa mlango kama mgeni."

Ukienda kuomba msamaha sema kosa lako kwa jina lake na uwache hapo. Neno "lakini" likiingia msamaha umekufa. Na kama kuna kitu ulichukua, rudisha, Zakayo alirudisha mara nne. Kama yeye hatakubali siku hiyo, usimlazimishe, msalimie kesho na keshokutwa.

Haya mambo huwezi peke yako. Shosho yangu alikuwa wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini huko Rwanda ukafika Kenya 1937, na wale ndugu walikuwa wanaita hiyo "kutembea nuruni", mnakutana kila wiki, mtu anasimama anasema dhambi yake waziwazi, wanaomba, anaenda kurekebisha. Shosho alikuwa mkali lakini hakuwa na kitu cha kuficha, na nafikiri ndio maana alilala vizuri. Sisemi usimame mbele ya kanisa lote useme kila kitu, mji huu maneno yanasafiri. Tafuta mtu mmoja ama wawili, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke, watu wenye umeshaona wakiwekewa siri wanaiweka. Wekeni siku isiyosonga. Mimi na mwenzangu ni Alhamisi lanchi, tunakaa benchi kwa bustani ya Jivanjee na chapati zetu, tunaulizana, umesoma nini, umeanguka wapi, ni nani unafaa kumwendea. Nusu saa. Wakatoliki mko na jumuiya ndogo ndogo, usiende tu siku zamu iko kwako, na makanisa mengine mko na ushirika wa nyumbani, nenda hata ukiwa umechelewa.

Na kanisani shika kazi, kupanga viti, kufunza watoto, kufagia, chochote. Mahubiri nayo yapime. Watu wa Beroya kwa Matendo 17:11 walimsikia Paulo mwenyewe na bado waliyachunguza maandiko, na hapo tena imeandikwa kila siku, waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Kwa hivyo mtu akikuambia tuma pesa kwa hii namba ndio muujiza wako ufunguke, wewe fungua Biblia kwanza, na usitume.

Kuna wiki utaacha kila kitu. Mtoto atakuwa mgonjwa, ama utaanguka kwa ile dhambi ya zamani, na aibu itakuambia ungoje Jumapili, ama mwezi uanze, ndio urudi. Usingoje, na usijaribu kulipa sura ulizokosa, soma ya leo. Petro alimkana Bwana usiku akiota moto wa makaa, iko kwa Yohana 18:18. Geuza mpaka sura ya 21, utapata Yesu amefufuka, yuko ufuoni asubuhi, na amewasha moto wa makaa tena, samaki juu yake na mkate. Atamuuliza Petro yale maswali matatu, ndiyo, lakini hayo ni baada ya kula. Kabla ya hayo maswali aliwaambia, "Njoni mfungue kinywa."